Scrivener 3 mikononi mwa mhariri anayeanza kuandika riwaya ya upelelezi

Mhariri wa vitabu akiamua kuandika riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, sentensi hazimpi taabu. Sentensi anazijua. Taabu ni kwamba miaka yote amepokea miswada iliyokwisha kuwa na mwanzo na mwisho, na sasa anatakiwa kubeba hadithi mbili kwa mpigo: uhalifu jinsi ulivyotendeka, na upelelezi jinsi msomaji atakavyoufuata. Ya kwanza inakwenda kwa saa, tangu mhalifu alipoamka hadi alipofunga mlango. Ya pili inarudi nyuma, inaruka, inaficha. Faili moja ndefu ya Word haizibebi zote mbili bila kumchanganya mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kuitazama Scrivener, programu ya kompyuta ya kuandikia vitabu. Tathmini hii inaipima kwa kazi hiyo moja tu, na kwa mtu anayeandika Kiswahili.

Programu hii hutengenezwa na Literature & Latte, kampuni ndogo ya Uingereza. Muasisi wake, Keith Blount, alikuwa anatafuta chombo cha kuandikia riwaya, akakikosa, akakitengeneza. Toleo la kwanza la Mac lilitoka mwaka 2007, la Windows 2011, la iPhone na iPad 2016. Toleo la 3, tunalolizungumzia hapa, lilitoka kwa Mac mwishoni mwa 2017 na kwa Windows mwezi Machi 2021. Leseni inalipwa mara moja, karibu dola 60, hakuna makato ya kila mwezi. Leseni ya Mac na ya Windows ni mbili tofauti, na ya iPhone hununuliwa kando. Kuna majaribio ya siku 30, na siku zinazohesabiwa ni zile unazoifungua tu: ukiitumia mara mbili kwa wiki, majaribio yanakwenda wiki 15. Ni ungwana mkubwa kwa mtu anayeandika baada ya saa za kazi.

Toleo la Android halipo. Kwa Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni za Android, hilo ni pengo kubwa, na njia ya kulizunguka imeelezwa mbele.

Hadithi ya kwanza iandikwe nje ya kitabu

Ukifungua mradi mpya utaona upande wa kushoto safu iitwayo Binder, yenye folda tatu zisizofutika: Draft, Research na Trash. Kanuni yake ni moja: kilicho ndani ya Draft kitatoka kuwa kitabu, kilicho nje hakitoki. Kanuni hiyo peke yake inatosha kumtetea Scrivener mbele ya mwandishi wa upelelezi.

Kabla ya sura ya kwanza, tengeneza hati nje ya Draft na uipe jina "Kilichotokea kweli". Andika humo uhalifu wote kwa mfululizo wa saa, kwa macho ya mhalifu: alichobeba, njia aliyopita, nani alimwona bila kujua anamwona nani, alichokisahau. Maneno 1,500 hadi 2,000 yanatosha. Wahariri wengi hukwama hapa kwa sababu mkono umezoea kusafisha, na aya ikiwa chafu hawawezi kwenda inayofuata. Hati hii haitasomwa na mtu mwingine, basi hakuna cha kusafisha. Iache na makosa yake ya tahajia.

Chini ya Research weka karatasi ya mtindo, ile ile ambayo mhariri humtengenezea mwandishi mwingine: majina na tahajia zake, umri, vyeo vya polisi, gari la nani ni la rangi gani, nani anamwita nani shemeji na nani anamwita mama fulani. Weka pia nyaraka za sheria za nchi ambako kisa kinatokea. Kisa cha Tanzania kitahitaji Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambamo kosa la kuua kwa kukusudia liko kifungu cha 196 na adhabu yake kifungu cha 197. Kisa cha Kenya kitahitaji Sura ya 63, vifungu vya 203 na 204. Majeruhi wa Dar es Salaam anakwenda hospitali na fomu ya PF3 kutoka polisi, wa Nairobi anajaziwa P3. Msomaji aliyewahi kushika fomu hiyo mkononi atakukamata ukikosea. PDF hizi hufunguka ndani ya Scrivener, nusu ya kioo sheria, nusu ya kioo onyesho unaloliandika. Usiingize video wala picha nzito kwa mamia, maana kila unapofunga mradi programu hutengeneza nakala ya akiba ya vyote, na mradi uliovimba utakuweka ukingoja kila jioni.

Hati moja, onyesho moja

Kosa la wanaotoka Word ni kuandika sura nzima kama hati moja. Sura ya maneno 4,000 ikishakuwa tofali moja, huwezi kuyahamisha mahojiano ya mlinzi kutoka sura ya 6 kwenda ya 11 bila kukata na kubandika, na kukata na kubandika ndiko kunakozaa zile aya ambazo shahidi anataja jambo ambalo bado hajaulizwa. Sura iwe folda. Kila onyesho liwe hati yake, maneno 800 hadi 1,500. Riwaya ya wastani itakuwa na maonyesho 50 hadi 70, na ukiburuta moja kwenye Binder linahama na kila kitu chake: ufupisho, maelezo ya pembeni, alama na nakala zake za zamani. Kama tayari una mswada wa Word, weka alama ya # katika kila mpaka wa onyesho, kisha tumia Import and Split kwenye menyu ya File. Programu itaukata yenyewe.

Kila hati ina kadi ya ufupisho. Andika sentensi moja tu, nayo iseme uchunguzi umebadilika vipi, kwa mfano: "Kachero anagundua kwamba tiketi haikuwa ya jana." Kama sentensi haipatikani, onyesho halina kazi. Ubao wa kadi wenyewe, ambao ndio husifiwa sana katika matangazo, ni mzuri kwa macho na hauna zaidi. Kadi 60 kwenye kioo cha inchi 14 hazisomeki, na utaishia kutumia jedwali la Outliner.

Kufuata dalili moja tangu ilipopandwa

Hapa ndipo programu inapolipa bei yake.

Chukua mfano. Mnunuzi wa karafuu amekutwa amekufa ghalani, Wete, kisiwani Pemba. Katika sura ya 2 mjane anatoa vitu vilivyokuwa mfukoni mwa marehemu na kuviweka mezani: kitambaa, noti ya shilingi elfu mbili, tiketi ya boti, kijisanduku cha ubani. Tiketi ni ya tatu kati ya vitu vinne, na ubani unakuja mwisho ili harufu yake ibaki na msomaji na karatasi isahaulike. Sura ya 9 kachero anapita bandarini na kuona tangazo la ratiba iliyobadilishwa, analisoma kwa kupoteza muda tu. Sura ya 14 mshukiwa anasema alivuka siku ile ile na marehemu. Sura ya 21 karatasi, tangazo na maneno ya mshukiwa vinakutana.

Katika Scrivener, tengeneza neno la utambulisho "tiketi" kwenye orodha ya Keywords, ulibandike kwenye kila onyesho linaloigusa. Kisha tafuta kwa Keywords peke yake na uhifadhi utafutaji huo. Utapata orodha ya maonyesho manne au sita. Yachague yote na uyafungue kwa mtazamo wa Scrivenings, ambao huyaunganisha yaonekane kama maandishi mamoja. Sasa unasoma safari ya dalili moja kwa dakika kumi, bila kitu kingine katikati. Kama imetajwa mara moja tu kabla ya ufumbuzi, msomaji ataona amedanganywa. Kama imetajwa mara tano, atajua kabla ya kachero. Hakuna njia ya haraka hivi ya kuliona jambo hilo kwenye Word, na mhariri aliyewahi kuifanya kazi hii kwa kalamu za rangi kwenye mswada wa watu ataona tofauti siku ya kwanza.

Tahadhari moja. Neno la utambulisho hubandikwa kwa mkono, na mkono husahau. Rasimu ikiisha, tafuta pia neno "tiketi" ndani ya maandishi yenyewe na ulinganishe orodha mbili. Onyesho lililo kwenye orodha ya maandishi na halimo kwenye ya Keywords limetaja tiketi kwa bahati, na huenda linaharibu fumbo. Lililo kwenye ya Keywords bila kuwamo kwenye ya maandishi limeitaja kwa jina jingine, "karatasi" au "kile kipande", na unapaswa kuamua kama msomaji ataunganisha.

Collections hufanya jambo jingine linalokaribia uzito huo. Ni orodha ya hati ambayo unaweza kuipanga upya bila kugusa mpangilio wa kitabu. Tengeneza moja iitwayo "Kwa mfululizo wa saa", tia maonyesho yote, uyapange jinsi mambo yalivyotokea na si jinsi yanavyosimuliwa. Isome toka juu hadi chini. Mashimo yatajionyesha: mtu aliyekuwa Chake Chake saa 4 na Wete saa 4 na robo, shahidi anayejua jina la marehemu kabla mwili haujatambuliwa. Makosa haya hayaonekani ukisoma kwa mpangilio wa sura, kwa sababu yamelala mbali mbali.

Saa za Kiswahili

Scrivener inakuruhusu kuongeza safu zako kwenye jedwali la Outliner: siku, saa, mahali, kachero anajua nini hadi hapo. Moja ya aina za safu ni ya tarehe na saa. Usiitumie. Inahesabu kwa saa za kizungu, na ukiandika 3:00 ukiwa na maana ya saa tatu usiku, programu itaiweka alfajiri ya saa tisa. Tofauti ya saa sita ndani ya riwaya inayosimama juu ya nani alikuwa wapi inaweza kumtia hatiani mtu asiyehusika, na kosa lenyewe utaligundua ukiwa sura ya 30.

Tumia safu ya maandishi ya kawaida. Anza na namba ya siku ya kisa kwa tarakimu mbili, kisha saa kwa mtindo wa saa 24 kwa ajili ya kupanga, kisha saa ya Kiswahili kwa ajili yako: "02 21:00 saa 3 usiku". Ukibofya kichwa cha safu, maonyesho yanajipanga kwa wakati. Sifuri ya mbele ni ya lazima ili siku ya 10 isitangulie siku ya 2. Na ndani ya maandishi ya riwaya taja kipindi kila mara, usiku, alfajiri, asubuhi, alasiri, walau pale kauli ya mshukiwa inapopimwa. "Niliondoka saa kumi" ni kauli mbili tofauti, na unaweza hata kulijengea fumbo jambo hilo kama shahidi mmoja ni mgeni aliyejifunza Kiswahili ukubwani.

Kutafuta na kubadilisha majina

Utafutaji wa Scrivener ni wa kasi na unapita mradi mzima, lakini haujui Kiswahili. Mshukiwa akiitwa Juma, utafutaji wa "Juma" utaleta Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zote. Kwa majina chagua neno zima. Kwa vitenzi fanya kinyume, tafuta mzizi bila kuchagua neno zima, kwa kuwa "aliona", "walimwona" na "hawakuonana" haviwezi kupatikana kwa neno zima moja, ila mzizi "on" huyaleta yote matatu, pamoja na mengine mengi usiyoyahitaji.

Hatari kubwa iko kwenye Project Replace. Ukibadilisha Juma kuwa Kassim bila kuchagua neno zima, Jumamosi itakuwa Kassimmosi katika kila sura, na kitendo hicho hakirudishwi nyuma. Tengeneza nakala ya akiba kwanza, kila mara. Angalia pia alama ya ng'. Baadhi ya maneno utakuwa umeyaandika kwa alama iliyonyooka, mengine programu imeipinda yenyewe, na utafutaji utaona ni maneno mawili: "ng'ambo" ya sura ya 3 haitakuja pamoja na ya sura ya 12. Kwenye menyu ya Edit, chini ya Transformations, kuna amri ya kuzigeuza zote kuwa za aina moja. Ifanye kabla ya ukaguzi wowote.

Kwa kuwa tuko hapo: siku ya kwanza kabisa zima ukaguzi wa tahajia na masahihisho ya papo kwa papo. Bila hivyo kila mstari utakuwa mwekundu, na kwenye Mac mfumo unaweza kukugeuzia neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza bila wewe kuona. Tahajia ya mwisho ifanyike nje, kwenye Word au LibreOffice zenye kamusi ya Kiswahili.

Kuuzuia mkono wa mhariri

Mhariri anayeandika ana ugonjwa wake: anarudi sura ya 1 kila asubuhi, anaing'arisha, na miezi mitatu baadaye ana sura ya 1 nzuri sana na hana maiti. Scrivener haimponyi, ila ina vifaa viwili vinavyosaidia.

Cha kwanza ni Snapshot, nakala ya onyesho kama lilivyo sasa, inayohifadhiwa ndani ya onyesho lenyewe. Bonyeza Ctrl+5 kwenye Windows au Cmd+5 kwenye Mac, kisha haribu utakavyo. Baadaye linganisha, kilichofutwa na kilichoongezwa huonekana kwa rangi, na ukitaka unairudisha ya zamani. Inamtoa mtu hofu ya kukata. Kumbuka tu kwamba ukilifuta onyesho na kumwaga Trash, nakala zake zote zinakwenda nalo.

Cha pili ni lengo la maneno kwa siku, kwenye dirisha la Project Targets. Ndani yake kuna kisanduku cha kuruhusu namba hasi. Kiweke alama. Ukikaa asubuhi nzima ukipunguza maneno ya jana, hesabu itashuka chini ya sifuri, na utajua leo umehariri, hukuandika. Kwa jumla ya kitabu, usichukue namba za miongozo ya Kiingereza zinazosema maneno 80,000. "Wasingemwambia" ni neno moja kwa Kiswahili. Hadithi ile ile itatoka na maneno machache zaidi kwetu, na mwandishi anayelazimisha kufikia idadi ya wenzake ataishia kuongeza mazungumzo yasiyo na kazi.

Inafaa kukumbuka kwamba njia hii si ngeni katika lugha yetu. Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima wakati kitabu chake cha kwanza cha Bwana Msa kilipochapishwa, mwaka 1960. Alihariri mambo ya kilimo mchana na bado akatupa mpelelezi wetu wa kwanza mashuhuri.

Pale inapoangusha

Mhariri atakwazika zaidi na hili: Scrivener haina ufuatiliaji wa mabadiliko kama wa Word. Kuna kitu kiitwacho Revision Mode, lakini kinapaka rangi maneno mapya tu. Ukifuta sentensi, haionyeshi kwamba palikuwa na sentensi. Mchapishaji akikurudishia mswada wenye mabadiliko yaliyofuatiliwa, usiuingize tena kwenye Scrivener ukitarajia kuyaona. Tangu siku unapoutuma kwa mchapishaji, kazi inahamia Word na kubaki huko. Mradi wa Scrivener ugeuke kumbukumbu ya dalili na saa, usiwe mswada. Wanaojaribu kuendesha vyote viwili sambamba huishia na matoleo mawili yanayopishana, na katika riwaya ya upelelezi sentensi moja iliyobaki ya zamani inaweza kumtaja mhalifu mapema.

Compile, yaani hatua ya kuyageuza maonyesho kuwa faili moja la Word au ePub, ni ngumu kuliko inavyopaswa kuwa. Dirisha lake lina safu tatu na istilahi zake, na watu wengi hulikuta kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Mambo mawili humkamata mwandishi wa Kiswahili. Kwanza, vichwa vya sura hutoka kwa Kiingereza, "Chapter One", kwa sababu mtindo uliomo una neno hilo na alama <$t> inayoandika namba kwa maneno ya Kiingereza. Mitindo ya asili haihaririki. Bofya kulia, unda nakala yake, fungua mpangilio wa kichwa cha sura, ufute kilichomo na kuandika "Sura ya <$n>". Alama hiyo hutoa tarakimu: Sura ya 1, Sura ya 2. Pili, kama folda zako kwenye Binder tayari zinaitwa "Sura ya Kwanza", utapata vichwa viwili vilivyopangana. Chagua kimoja: ama programu ihesabu, ama majina ya folda yatumike.

Juu ya usalama wa kazi tuna imani nayo, kwa masharti. Inahifadhi yenyewe sekunde mbili baada ya vidole kutulia, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi zaidi ya sentensi. Lakini nakala ya akiba hutengenezwa unapofunga mradi, na mtu anayefunika tu laptop kila usiku anaweza kukaa mwezi bila nakala hata moja. Kwenye mipangilio ya Backups iamuru itengeneze nakala pia kila unapohifadhi kwa mkono, ongeza idadi ya nakala zinazotunzwa kufikia 25, na uielekeze folda hiyo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala zilizobanwa kuwa zip zinaweza kukaa popote. Mradi wenyewe ulio hai, hapana: ni folda yenye mamia ya mafaili madogo, na watengenezaji wenyewe wanashauri usiuweke Google Drive. Kwa kuoanisha na iPhone ni Dropbox, na sharti ni kungoja upakiaji umalizike kabla ya kufungua kifaa cha pili. Ukiwa na bando la kusuasua, ngoja zaidi. Ukifungua mapema utakuta folda ya migongano ndani ya Binder na onyesho moja likiwa na matoleo mawili.

Faraja ni kwamba kila onyesho huhifadhiwa kama faili la RTF. Hata programu ikitoweka kesho, maandishi yako yatafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia.

Mwenye simu ya Android atumie amri ya Sync with External Folder. Inatoa maonyesho kama mafaili ya maandishi kwenye folda ya Dropbox. Unayahariri kwa simu na programu yoyote ya maandishi, ukirudi kwenye kompyuta inayavuta. Chagua aina ya maandishi matupu na ukubali kwamba italiki zinaweza kupotea. Inafaa kwa rasimu ya kwanza, haifai kwa masahihisho. Asiye na kompyuta kabisa asinunue. Aitazame yWriter ya Simon Haynes, ambayo nayo hugawa kazi kwa maonyesho na ina toleo la Android, ingawa haina kitu cha kulinganishwa na Collections.

Kwa mhariri mwenye laptop na mswada wa riwaya nzima kichwani, tunaipa nyota nne kati ya tano, moja ikiwa imekatwa kwa Compile na kukosa ufuatiliaji wa mabadiliko. Kwa hadithi fupi ya maneno 5,000, Word inatosha.

Siku 30 za majaribio zitumike hivi. Siku ya kwanza, zima masahihisho ya Kiingereza, panga nakala za akiba, andika "Kilichotokea kweli". Usipitie somo refu lililokuja na programu. Linachukua saa kadhaa na nusu yake hutaihitaji. Siku ya tatu uwe na maonyesho matano yenye ufupisho, saa na walau dalili mbili zilizowekewa Keywords. Siku ya kumi, ukiwa na maneno hata 6,000 tu, fanya Compile kwenda Word, fungua faili hilo, uangalie vichwa vya sura, mapengo kati ya maonyesho, na kama "Kilichotokea kweli" haikupenya. Ikipenya, hati hiyo imo ndani ya Draft, iburute nje. Lipa baada ya hapo.